Tuache Kukopa Utoto wa Wamarekani

Leo sitaandika juu ya programu mpya wala simu mpya. Leo nina neno moyoni, na nikilimeza litanivimbisha tumbo.

Juzi nilialikwa kwenye jioni ya michezo ya zamani ya video hapa Kisumu. Vijana wenzangu wa kompyuta walikuwa wamevaa fulana zenye nembo ya Atari, ukutani kuna picha ya Mario, spika zinapiga muziki wa Marekani wa miaka ya 80. Mmoja wetu akashika maikrofoni akaanza kusimulia jinsi "sisi sote tulivyokua": tukiamka Jumamosi asubuhi, tukila konfleksi mbele ya katuni, kisha tukiwasha Nintendo. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi.

Nikiwa kwenye bodaboda narudi Manyatta ndipo haya ikanishika. Yule msimulizi namjua tangu darasa la pili. Amekulia Nyalenda. Kwao asubuhi ilikuwa chai ya rangi na ndazi moja, na Jumamosi ilikuwa siku ya kuteka maji. Nintendo halisi hakuiona, wala mimi sikuiona. Lakini nisimcheke peke yake: kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi nilipoulizwa nilianzaje kupenda kompyuta, nilijibu bila kupepesa macho, "Nilikuwa na Nintendo." Nilidanganya, na sababu yake ni kwamba niliona aibu kusema ukweli.

Kwa hiyo leo nasema wazi. Hamu yetu ya zamani ni ya mkopo, na riba ya mkopo huo tunailipa kwa kusahau zamani zetu wenyewe.

Tuanze na mashine. Ile ya kwetu mjomba aliileta kutoka Nairobi mwaka 1999, imeandikwa Ending-Man. Umbo la Sega, tumbo la Nintendo! Ndani yake mlikuwa na nakala ya ubongo wa Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani mwezi wa Julai 1983. Viwanda vya Taiwan, na baadaye vya China, viliunakili ubongo huo, vikaubana hadi ukaingia katika chipu moja ya bei nafuu, na mashine zikasambaa kote ambako Nintendo yenyewe haikujishughulisha kufika. Urusi waliijua kwa jina la Dendy, Afrika Kusini waliijua kwa jina la Golden China. Sisi tuliita TV gemu, basi.

Na ile kaseti ya manjano! Iliandikwa michezo 9999999 ndani ya moja. Ukiwasha unaona picha ya ufuo na ndege weupe, nasi watoto tuliapa kwamba pale ni Dunga. Kumbe michezo yenyewe ilikuwa ishirini hivi. Iliyobaki ni ile ile iliyorudiwa: huku unaanzia hatua ya tatu, kule una maisha 30 badala ya matatu. Tulidhani tumeibiwa. Nilipojifunza kuprogramu ndipo nikaelewa kilichofanyika. Kulikuwa na mtu asiyejulikana jina, aliyefungua programu ya mwenzake bila maelezo yoyote, akapekua hadi akaipata baiti inayohesabu maisha, akaibadilisha, akaipa nakala hiyo namba yake kwenye orodha. Mwaka mzima wa chuo sikufundishwa kitu kigumu kama hicho. Fundi yule ni babu yangu katika kazi hii, na hana hata kaburi kwenye historia ya kompyuta.

Ndani ya kaseti hiyo mlikuwa na Battle City, ule mchezo wa vifaru wa Namco wa mwaka 1985. Una sehemu ya kujitengenezea uwanja kwa matofali, maji na vichaka. Nikiwa na miaka tisa nilikaa jioni nzima nikijenga mzunguko wa Kondele, barabara ya Kibos huku, barabara ya Kakamega kule, kisha nikamwachia ndugu yangu vifaru vya adui. Umeme ukapotea, Kondele yangu ikafutika, nikaijenga tena kesho yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa programu yangu ya kwanza, na ndilo jibu nililopaswa kutoa kwenye usaili.

Sasa tazama. Mwaka 2016 Nintendo walitoa mashine ndogo ya kumbukumbu, NES Classic, michezo 30 ndani yake, dola 60 kasoro senti moja. Nilipoisoma orodha ya michezo nilitafuta utoto wangu. Contra ile ya kwanza haipo. Circus Charlie haipo. Duck Hunt haipo. Battle City haipo, tena huo haukuwahi kuuzwa rasmi Marekani kwa ajili ya NES. Sina ugomvi na Nintendo: wamewauzia wateja wao kumbukumbu za wateja wao. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoinunua orodha hiyo na kuiita yetu.

Tuje kwenye katuni za Kijapani, na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Mwaka 2001 palikuwa na kibanda cha video karibu na Kondele: mabati, gunia mlangoni, benchi nne, shilingi tano kuingia. Dragon Ball Z ilikuja kwenye diski za kuchomwa, sauti ya Kijapani, maandishi ya Kichina chini. Nani angeelewa? Kijana aliyekuwa akikaa pale kupokea pesa alisimama kando ya televisheni na kijiti, akatusimulia kwa Kijaluo na Kiswahili. Goku alimwita Gor, kwa sababu kila mtoto alijua habari za Gor Mahia wa kale, mganga aliyeweza kujigeuza umbo lolote. Vegeta je? Huyo akawa Ingwe! Gor na Ingwe wakipigana angani, benchi zinatetemeka, na watoto wa nyumba za kishabiki cha AFC Leopards wanalia kweli kweli.

Usiniambie hiyo ni tafsiri mbovu. Ile ilikuwa kazi ya sanaa, iliyotungwa papo hapo na mtu aliyekuwa hajui neno moja la Kijapani. Na hakuwa peke yake. DJ Afro amejenga jina lake lote hapa Kenya kwa kusimulia filamu za watu kwa lugha ya mtaani. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo na wenzake.

Waarabu wenyewe tujifunze kwao. Captain Tsubasa walimbatiza Captain Majid, na ndugu zetu waliokulia Oman watakwambia kwamba huyo ndiye wanayemjua. Grendizer, katuni ya Kijapani ya mwaka 1975, waliipenda kwa Kiarabu mpaka mwaka 2022 ikasimamishwa sanamu yake Riyadh, zaidi ya mita 30 kwenda juu. Hawakuona aibu kwamba waliipata kwa sauti ya kubandikwa. Sauti ile ya kubandikwa ndiyo waliyoipenda!

Sisi je? Jumapili moja mwaka jana nilikuwa soko la Kibuye natafuta chaja, nikamkuta yule msimulizi wangu anauza nyaya za simu. Kichwa kimeanza mvi.

Nikamwambia, "Omera, hebu nisimulie Gor alipokutana na Ingwe mara ya kwanza."

Akacheka sana. "Kumbe wewe ni yule mdogo aliyekuwa akipita chini ya gunia bila kulipa?"

Akaanza. Dakika mbili za moto, watu wakasimama kusikiliza. Halafu akanyamaza. Akakuna kichwa. "Aii, zile zingine zimenipotea." Saa ngapi za usimulizi alizotoa pale kibandani? Mamia, labda zaidi. Zimebaki dakika mbili, na hakuna aliyerekodi hata sekunde moja.

Najua mtaniuliza maswali. Wa kwanza atasema: hiyo yote ilikuwa mali ya wizi, unatetea wizi? Sitetei. Aliyetunga mchezo alistahili malipo yake, nami naishi kwa jasho la msimbo, najua uchungu wake. Lakini kuhifadhi kilichotokea si kukiuza upya. Tena hata huo upande halali hauhifadhi vizuri. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena madukani kihalali. Ikiwa mali yao wenyewe inawapotea hivyo, nani atakutunzia kaseti ya manjano ya Kisumu?

Wa pili atasema: kila kitu kipo kwenye intaneti, pakua emuleta ucheze. Emuleta ni programu inayojifanya kuwa mashine ya zamani, na hufanya kazi nzuri. Lakini jaribu Duck Hunt kwa bunduki ile ile kwenye televisheni ya kisasa. Haifanyi kazi. Ukivuta kifyatulio, skrini huwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha panachorwa kiboksi cheupe alipo bata, na jicho lililo ndani ya bunduki hutazama kama limeona mwanga wakati ule ule. Skrini bapa huchelewa, jicho halioni kitu. Vitu vingine havibebeki kwa faili peke yake. Na msimulizi wa Kondele hayupo kwenye emuleta yoyote.

Wa tatu atasema: ni michezo ya watoto tu. Sawa. Nenda Makumbusho ya Kisumu uone Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo, nyumba ya kila mke mahali pake. Nani alidhani zamani kwamba ghala la mtama litawekwa makumbusho? Hukuwa na haja ya kulihifadhi wakati kila boma lilikuwa nalo. Ikifika siku ya kuhitajika, basi umeshachelewa.

Tena saa inakwenda. Diski za kuchomwa hazidumu: rangi inayobeba data hufifia, na joto na unyevu huziharakisha. Kaseti zinaishia kwa mafundi wa jua kali, zinang'olewa vipuri.

Basi tufanye hivi. Ukiwa na kaseti ya zamani, usiitupe. Inasomeka kwa kifaa cha bei ya kawaida, na orodha yake ya uongo ya michezo milioni tisa ihifadhiwe pamoja nayo, maana uongo ule nao ni historia yetu. Ukimjua aliyesimulia kibandani, mnunulie chai, weka simu mezani, bonyeza rekodi. Usingoje ruzuku wala mradi wa wafadhili. Mimi nimeanza na zile dakika mbili za Kibuye. Nilimrudia Jumapili iliyofuata, na safari hii akakumbuka tano.

Na mkiniita tena kwenye jioni ya michezo ya zamani nitakuja, lakini nitakuja na Ending-Man. Anayeona aibu akae nje na konfleksi yake.