Marudio Yenye Dhahabu na Marudio Matupu

Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika mikoa ya Geita na Shinyanga wanalo neno moja ambalo linastahili kutafakariwa na kila mwalimu. Neno hilo ni marudio. Kwao marudio si tendo la kufanya jambo kwa mara ya pili; ni mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa kwenye karasha, kuoshwa mwaloni, na dhahabu yake kunaswa kwa zebaki. Mchanga huo hautupwi. Zebaki hunasa sehemu tu ya dhahabu iliyomo; chembe zilizo ndogo mno, na zile zilizofungwa ndani ya madini mengine, huponyoka. Kwa hiyo marudio huuzwa, husombwa hadi kwenye matangi, na humo huchenjuliwa kwa sianidi, ambayo huyeyusha dhahabu iliyoshindikana kwa zebaki. Mchanga ni uleule. Kilichobadilika ni kile anachokuja nacho mchenjuaji.

Katika makala haya nakusudia kulitumia neno hilo kujadili jambo ambalo walimu wengi hulidharau, nalo ni michezo ya video ya kusafiri na kuingia mapangoni. Vijana wetu wanaicheza, katika simu na katika vibanda vya mitaani, na baadhi yao huzielewa kanuni zake kuliko wanavyozielewa kanuni za Newton. Swali langu ni hili: kwa nini kurudia pango lilelile humfurahisha mchezaji mara moja na kumchosha mara nyingine? Naamini jibu lake linatuhusu sote tunaofundisha na tunaofundishwa.

Mchezo hukumbukaje?

Kwanza hatuna budi kuelewa maana ya kuhifadhi mchezo. Mchezo unapoendelea, habari zake zote, yaani mahali alipo shujaa, silaha alizopata na milango aliyokwisha kuifungua, huwekwa katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kumbukumbu hiyo hutegemea umeme. Umeme ukikatika, chaji za umeme zilizokuwa zikiwakilisha sifuri na moja hupotea, na safari nzima hutoweka pamoja nazo. Ili safari isitoweke, ni lazima habari hizo zinakiliwe mahali pasipohitaji umeme wa daima.

Wahandisi walitafuta njia mbalimbali. Mchezo wa Kijapani uitwao Dragon Quest, uliotoka mwaka 1986, ulimpa mchezaji mfululizo wa herufi za kuandika kwenye karatasi. Siku ya pili aliziingiza herufi zile na kuendelea alipoachia. Akikosea herufi moja, mlango haukufunguka. Mchezo wa The Legend of Zelda ulipofika Marekani mwaka 1987, ndani ya kaseti yake mlikuwa na betri ndogo iliyoilinda kumbukumbu hata mtambo ulipozimwa. Baadaye ikaenea kumbukumbu ya flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba na kutangazwa mwaka 1984. Humo elektroni hunaswa ndani ya kisiwa kidogo kilichozungukwa na kihami pande zote, zikabaki humo kwa miaka mingi. Kadi ya kumbukumbu ya PlayStation 2, mtambo uliotoka mwaka 2000, ilikuwa na megabaiti 8 tu za namna hiyo, nayo ilitosha kuhifadhi safari nyingi.

Basi uwezo wa kuhifadhi umekuwapo kwa muda mrefu. Mtungaji wa mchezo anapomlazimisha mchezaji kurudia kazi aliyokwisha kuimaliza, aghalabu hafanyi hivyo kwa kukosa ala. Amechagua. Na kila uchaguzi unaweza kuhojiwa.

Pango linalorudiwa

Tuchukue mifano miwili kutoka ukoo mmoja wa michezo. Mwaka 2007 kampuni ya Nintendo ilitoa mchezo wa The Legend of Zelda: Phantom Hourglass. Katikati ya hadithi yake pana hekalu moja ambalo shujaa hulirudia mara kadhaa, kila mara akishuka chini zaidi, huku muda wake ukipimwa kwa mchanga wa shisha ya kioo. Akirudi humo hulazimika kupita tena sehemu alizokwisha kuzishinda, ingawa kipo kituo cha katikati kinachomfupishia njia. Wachezaji wengi walinung'unika. Mchezo uliofuata, Spirit Tracks wa mwaka 2009, nao ulikuwa na mnara unaorudiwa, lakini mchezaji hakulazimishwa kupita tena orofa alizokwisha kuzimaliza. Alipanda moja kwa moja hadi orofa mpya.

Msomaji anaweza kudhani kwamba kisa hiki chatosha kuonyesha kuwa marudio yote ni mabaya. Sivyo. Katika hekalu lile la mwanzo mlikuwamo na wazo zuri: mchezaji aliweza kuandika alama kwenye ramani yake, na silaha alizozipata safarini zilimfungulia njia za mkato ambazo hakuweza kuzitumia awali. Aliyerudi na bomu au nyundo mpya alikuta njia aliyoitembea kwa dakika kumi ikipitika kwa dakika mbili. Sehemu hizo za hekalu ndizo marudio yenye dhahabu: mahali ni palepale, ila mwenye kurudi amebadilika. Palipochosha ni pale alipotakiwa kufanya yaleyale, kwa ala zilezile, kwa ujuzi uleule. Hayo ni marudio matupu; ni sawa na kumimina zebaki ileile juu ya mchanga ambao zebaki imekwisha kuumaliza.

Upo pia mchezo wa Rogue, uliotungwa karibu mwaka 1980 na wanafunzi wa vyuo vikuu huko California. Humo shujaa akifa, safari imekwisha; hakuna hifadhi ya kumrudisha. Lakini kila safari mpya kompyuta huchora pango jipya kwa kubahatisha vyumba na njia zake. Mchezaji hupoteza mali yote isipokuwa moja, nayo ni maarifa. Mchezo huo mkali ulipendwa, na hadi leo michezo mingi hufuata mfano wake, kwa sababu kila kifo kilimwacha mchezaji akijua jambo ambalo hakulijua.

Hesabu ya kibandani

Kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, miji ya Shinyanga, Kahama na Geita ina vibanda ambamo vijana hulipa fedha kidogo ili wacheze. Anayechungulia ndani huona mchezo wa mpira wa miguu karibu katika kila runinga. Wengi husema kwamba vijana wetu wanapenda mpira tu. Bila shaka wanaupenda. Lakini iko sababu nyingine ambayo ni ya kiuchumi. Mechi moja huanza na kwisha ndani ya muda uliolipiwa. Haihitaji kuhifadhiwa. Safari ya mapangoni, kinyume chake, huenda ikahitaji saa 30, na kadi ya kumbukumbu ni ya mwenye kibanda. Mteja wa jioni anaweza kuifuta safari ya mteja wa asubuhi bila hata kujua.

Tufanye hesabu. Tuseme mchezo unahitaji dakika 1,800, na kijana ana fedha za dakika 30 kila anapokuja. Kama anaweza kuhifadhi wakati wowote, atamaliza kwa safari 60. Sasa tuseme kituo cha kuhifadhi kimewekwa mbali, hivyo kwamba kila anapokuja dakika 20 za kwanza ni kurudia njia ya jana. Zinabaki dakika 10 za kwenda mbele, naye atahitaji safari 180. Kijana huyo amelipia mchezo mmoja mara tatu, na theluthi mbili za fedha zake zimenunua jambo ambalo alikwisha kulifanya. Na umeme ukikatika dakika moja kabla ya kituo, malipo ya siku nzima yamekwenda bure.

Mtungaji aliyeketi Tokyo au San Francisco hakumfikiria mchezaji huyo. Alimfikiria mtu mwenye mtambo wake nyumbani, umeme usiokatika, na jioni nzima isiyo na kazi. Kwa mtu huyo kituo kilicho mbali ni kionjo cha hatari. Kwa kijana wa Kahama ni kodi. Ndiyo maana nasema kwamba jinsi ya kuhifadhi mchezo ni suala la haki pia, wala si la ufundi peke yake.

Hoja ya upande wa pili

Wapo wanaosema kwamba kuhifadhi kila wakati huua ladha ya mchezo, na hoja yao ina uzito. Katika Resident Evil ya mwaka 1996, mchezaji alihifadhi safari yake kwa taipureta, na kila alipohifadhi alitumia utepe mmoja wa wino. Tepe zilikuwa chache. Kila mlango ukawa na hofu yake. Katika Dark Souls ya mwaka 2011, anayekufa huacha mali yake pale alipoangukia, naye hupewa nafasi moja tu ya kuifuata. Akifa tena kabla ya kuifikia, imepotea kabisa. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba hasara humuuma binadamu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha. Watungaji wa michezo hiyo waliutumia uchungu huo kwa ustadi. Pasipo cha kupoteza, hakuna ushujaa.

Nakubali. Lakini tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Lipo jambo la kuahirisha, na lipo jambo la kufuta kosa. Mchezaji anayehitaji kwenda kuchota maji, au ambaye muda wake umekwisha, anaomba kuahirisha tu. Hakuna ladha inayopotea akiruhusiwa kusimama na kuendelea kesho palepale, na hatari zilezile zikimngoja. Anayehifadhi kabla ya kila pigo ili alifute likimwendea vibaya, huyo ndiye anayejinyima ladha. Rogue yenyewe, pamoja na ukali wake wote, ilimruhusu mchezaji kuahirisha safari, kisha ikaifuta hifadhi ile alipoirudia. Kwa hiyo mtungaji anaweza kuwa mkali kwa makosa na wakati huohuo akawa mwungwana kwa muda wa mwenziwe.

Kukariri

Sasa nigeukie darasa. Katika Kiswahili cha shule zetu neno kukariri lina maana mbili: kushika maneno kwa moyo kwa kuyarudiarudia, na kurudia darasa baada ya kushindwa. Maana zote mbili ni za marudio, na zote zaweza kuwa na dhahabu au kuwa tupu.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kumbukumbu. Aligundua kwamba tunasahau upesi mwanzoni na polepole baadaye, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa huleta faida kuliko marudio mengi ya siku moja. Mwanafunzi anayerudi kwenye somo baada ya siku tatu hurudi akiwa amebadilika kidogo. Amesahau baadhi, naye hulazimika kutafuta njia upya. Lakini anayesoma ukurasa uleule mara kumi usiku mmoja anamimina zebaki ileile.

Vivyo hivyo kwa mwanafunzi anayerudia kidato. Tukimrudisha pangoni bila kujua ni mlango upi uliomshinda, na tukamfundisha kwa maneno yaleyale ya mwaka jana, tumemlipisha mwaka mzima kwa dakika zile 20 za kurudia njia. Tukijua kwamba alishindwa kwa sababu hakuelewa sehemu za kumi, basi hiyo ndiyo nyundo tunayopaswa kumpa kabla hajashuka tena. Daftari la mwalimu lenye kumbukumbu za kila mwanafunzi, yaani alichokiweza na alichokwama, ndicho kituo cha kuhifadhi cha shule. Pale ambapo daftari hilo halipo, kila muhula huanza upya kama mtambo uliozimwa.

Shimo la kweli

Haifai kuzungumzia mapango mbele ya vijana wa ukanda wa dhahabu bila kusema jambo moja wazi. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya kufukiwa ardhini kwa siku 41. Taifa zima lilistaajabu, kwa maana ilikuwa nadra. Katika duara la kweli hakuna kituo cha kumrudisha aliyeangukiwa na mwamba. Hifadhi pekee ni ile inayowekwa mapema: matimba yanayoshikilia kuta, njia ya pili ya kutokea, na mvua zinapozidi, uamuzi wa kutoshuka. Kijana aliyefundishwa kutofautisha hatari inayofutika na isiyofutika amepata elimu kubwa, hata kama aliianzia kibandani.

Kwa hiyo napendekeza kwamba vilabu vya sayansi katika shule zetu za sekondari viache kuiona michezo hii kama adui. Wanafunzi watunge mchezo mdogo wao wenyewe, hata kama ni wa vyumba vitano na wa maandishi matupu, na washindane kujibu maswali matatu: safari ihifadhiwe lini, aliyeshindwa apoteze nini, na anaporudi awe na kipi kipya mkononi? Watajifunza programu, hesabu na saikolojia kwa pamoja. Nao walimu wao, wakiyajibu maswali hayohayo juu ya mtihani wa majaribio wa muhula ujao, huenda wakaona kwamba sehemu kubwa ya mchanga tunaoutupa bado ina dhahabu.