Kibali cha Umeme na Ngoja Ngoja Iumizayo Matumbo



Mkataba wa kuliendeleza Bonde la Mto Kagera ulitiwa saini Rusumo tarehe 24 Agosti 1977, na umeme wa maporomoko yale yaliyoko mpakani mwa Ngara na Rwanda ulikuwa miongoni mwa makusudio yake. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2023. Ni miaka 46. Aliyezaliwa siku ya saini, umeme umemkuta na wajukuu. Katika muda huo miji ya Ngara na Biharamulo ilitegemea kwa miaka mingi jenereta za dizeli.

Tuseme kweli: si miaka yote hiyo iliyopotelea maofisini. Mwaka 1994 mauaji ya Rwanda yaliwavusha maelfu kwa maelfu ya wakimbizi katika daraja la Rusumo. Fedha nazo zilisubiriwa. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 Agosti 2013. Tena kuna kukawia kulikoleta kheri. Mpango wa awali ulitaka bwawa kubwa. Ukabadilishwa, mitambo ya megawati 80 iendeshwe na maji yapitayo mtoni, ili wananchi wachache zaidi waondolewe mashambani mwao. Leo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana umeme huo sawasawa, na fungu letu hupita katika njia ya kilovolti 220 hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo.

Basi kungoja ni kwa namna mbili. Kuna kungoja kunakolinda haki ya mnyonge, na kuna kungoja kwa faili lililolala mezani. La kwanza ni uadilifu. La pili ni khiyana ya amana.

Anayetaka kujenga mtambo mdogo wa maji hubisha hodi kwenye milango mingi: NEMC kwa cheti cha mazingira, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kwa kibali cha maji, kijiji kwa ardhi, EWURA kwa leseni. Wenye mitambo isiyofika megawati 1 wamepewa nafuu ya leseni, lakini milango mingine ingali palepale. Kwa nini mlango mmoja usubiri mwingine ufunguliwe? Ofisi hizi zipokee maombi kwa pamoja, kila moja itaje siku ya kutoa jibu, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

Lakini yasipunguzwe hata siku moja haya: mkutano mkuu wa kijiji, tathmini ya mali, na fidia kulipwa kabla tingatinga halijagusa mgomba. Anayesema haki hizo ndizo zinazochelewesha maendeleo anamtwika mkulima mzigo wa karani.

Nasi tusikae msikitini tukinung'unika. Tuhudhurie mikutano ya vijiji, tuweke kumbukumbu za mashamba yetu, tuulize faili liko kwa nani na tangu lini. Haraka haraka haina baraka, ndiyo. Na ngoja ngoja nayo huumiza matumbo.

Wabillahi tawfiq.