Tahadhari: Oili ya Otomatiki Si Moja

Kama unapanga kubadilisha oili ya giaboksi mwenyewe nyumbani wikendi hii, usiguse nati hata moja kabla hujajua otomatiki yako ni ya aina gani. Kosa huanzia kwenye kaunta ya duka la spea. Mtu anaomba "oili ya otomatiki", anakabidhiwa ATF, yaani oili ya otomatiki ya gia, anaitia, na gari linaondoka vizuri. Hapo ndipo anapodanganyika, kwa maana uharibifu wenyewe hauna haraka.

Angalia magari yanayobeba watu kati ya Kaplong, Sotik na Chepilat. Toyota Probox iliyoanza kutengenezwa 2002, ikiwa otomatiki, ina gia nne na inatumia ATF ya T-IV. Iliyobadilishwa sura Agosti 2014 ina CVT, yaani otomatiki ya mkanda badala ya gia. Jina ni lile lile, na zote mbili utazikuta zimeegeshwa stendi moja. Toyota Fielder ndiyo inachanganya zaidi: kizazi cha 2006 cha cc 1500 kina CVT, lakini yenye 4WD ya kizazi hicho hicho iliendelea na gia nne. Nissan Note nyingi nazo ni CVT.

Otomatiki ya gia hubadilisha mwendo kwa klachi ndogo zinazofanya kazi ndani ya oili. CVT ina mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imeundwa ili chuma kikamate chuma bila kuteleza. Ukiitilia ATF, mkanda huteleza kidogo kidogo na kukwaruza puli, kisha unga wa chuma huenda kujaa kwenye vali. Barabara ya tambarare itakuficha hilo. Mlima wa kutoka mto Kipsonoi, gari likiwa na abiria na mitungi ya maziwa, hautakuficha: injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki, gari linatetemeka likianza kuondoka, kisha unasikia mlio mwembamba ambao haukuwepo. Ukifika hapo, kwa kawaida fundi hazungumzii tena oili. Anakutafutia giaboksi ya ex-Japan.

Kwa hiyo soma kwanza. Toyota hizi zina kibati cha chuma chenye msimbo wa giaboksi. Msimbo ukianza na K, kama K310, hiyo ni CVT. Ukianza na U, kama U340, ni otomatiki ya gia. Dukani taja jina kamili: TC au FE kwa CVT za Toyota, NS-2 au NS-3 kwa Nissan, kulingana na kitabu cha gari au maandishi ya dipstiki. Usichague kwa rangi. Rangi hutiwa kiwandani, na chupa nyekundu ya rafiki yako haikuhusu. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa", nenda duka la pili.

Kosa jingine ni la kufungua nati isiyo yake. Mtu amelenga oili ya injini, anamwaga ya giaboksi, halafu anaongeza injini lita nne juu ya zile zilizomo. Anaondoka na injini iliyofurika na giaboksi kavu. Ukishahakikisha nati ni ya giaboksi, pima kilichotoka na urudishe kiasi hicho hicho, kisha hakikisha kipimo injini ikiwa inazunguka, baada ya kupitisha lever kwenye P, R, N na D. Gari lisilo na dipstiki hupimwa kwa nati ya kumwagia oili iliyozidi, joto likiwa lile lililowekwa na kiwanda. Bila mashine ya kusoma joto hilo, kazi hiyo mwachie fundi mwenye nayo.

Na jeki! Udongo wa kwetu ukilowa huteleza. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma juu ya ubao mpana, zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe, na usubiri oili ipoe, maana ikiwa moto inaunguza. Oili chafu isimwagwe mtaroni wala kupakwa nguzo za ua. Ijaze kwenye mtungi uliofungwa uipeleke gereji inayoikusanya.

Umeshatia isiyofaa? Kama hujawasha injini, usiwashe. Imwage yote inayotoka. Kama umeshaendesha, egesha sasa hivi. Usikubali kuvutwa kwa kamba magurudumu ya mbele yakizunguka, kwani injini ikiwa imezima pampu ya giaboksi haisukumi oili. Tafuta bredauni inayoinua mbele, au inayobeba gari zima kama ni 4WD. Kumwaga mara moja hutoa sehemu tu, nyingine inabaki kwenye tokonveta, hivyo itabidi oili sahihi itiwe na kumwagwa zaidi ya mara moja. Chupa uliyotumia usiitupe. Mwonyeshe fundi ajue anaondoa nini.