Risala ya Wauguzi, Wakunga na Watunza Kumbukumbu kwa Uongozi wa Afya wa Wilaya

Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya,
Ndugu Mganga Mfawidhi wa Hospitali,
Ndugu Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA,

Kwa heshima na taadhima tunawasilisha kwenu kero zetu kuhusu mfumo wa kompyuta hapa hospitalini. Mfumo huu tunaupenda. Faili la mgonjwa halipotei tena, na daktari huona majibu ya maabara bila kumtuma mtu. Ndiyo maana tumevumilia mengi.

1. Kazi moja tunaifanya mara mbili. Mama akijifungua, mkunga hujaza Kitabu Na. 12 cha MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), kisha huketi kwenye kompyuta kuandika yaleyale. Mwisho wa mwezi tunajumlisha vitabuni kwa mkono ili ripoti iwahi wilayani, na hesabu zisipolingana anayeulizwa ni mkunga. Saa zote hizo zinatoka kwa wagonjwa. Tunaomba ripoti itolewe na mfumo wenyewe, na mtufikishie wizarani ombi kwamba kitabu kibaki kwa siku za kukatika umeme tu.

2. Watumishi wapya hukaa muda mrefu bila nywila, hivyo zamu ya usiku hutumia ya mwenzao aliyekwenda kulala. Jambo hili linaitwa utovu wa nidhamu, lakini bila hivyo dawa zisingetoka dirishani. Mwenzetu mmoja ametakiwa kwa barua kujieleza kwa kosa lililofanyika kwa nywila yake yeye akiwa likizo. Tunaomba kila mtumishi apewe nywila siku anaporipoti kazini, na barua ile ifutwe.

3. Mafunzo huishia kwa wakuu wa vitengo. Tunaomba zamu zote zifundishwe.

4. Fomu ya mfumo hudai kata na namba ya simu kabla ya kuruhusu dawa, na mama anayevuja damu hawezi kusubiri. Kwa hiyo tunaandika kwanza kwenye daftari la mezani, kisha tunaingiza baadaye. Daftari hilo linaonyesha kila mahali mfumo unapokwama. Programu hurekebishika: DHIS2, inayopokea takwimu zetu, ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na nchi nyingi zimeirekebisha zitakavyo. Nasi tunaomba wataalamu wa TEHAMA waje wodini, walisome daftari letu, na fomu isibadilishwe tena kabla wanaoijaza hawajasikilizwa.

Tunaomba kuwasilisha.