Graf Ni Kapita, Si Mufalme



Tukisoma juu ya vita vya ziwa Tanganyika, wengi wetu wanaandika katika daftari "Bwana Graf". Wengine wanaandika "mufalme Graf". Sisi hatukubali. Graf lilikuwa jina la kazi, na Kiswahili chetu cha Lubumbashi kiko na neno lake tayari: kapita.

Tuanze na ile meli. Wajerumani waliitengeneza Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, ikavuka bahari mupaka Dar es Salaam, kisha treni mupaka Kigoma. Mwaka 1915 ikaingia majini na jina Graf von Götzen. Mwaka ule ule Waingereza walipitisha mashua zao mbili za vita, Mimi na Toutou, hapa kwetu, wakati muji uliitwa Elisabethville. Treni mupaka Fungurume, kisha kuvutwa porini, kisha muto Lualaba mupaka Kabalo, na treni tena mupaka ziwani. Ile meli kubwa hawakuipiga. Wajerumani waliizamisha wao wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916. Waingereza wakaitosha majini mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Jina la Graf lilifutwa, na sisi hatulilii: Götzen alikuwa gavana tangu 1901 mupaka 1906, na katika vita vya Maji Maji waaskari wake walichoma mashamba na gala. Njaa iliua watu kupita risasi.

Sasa, graf alikuwa nani? Zamani sana, katika ufalme wa Wafranki, mufalme hakuweza kufika kila pahali. Alituma mutu wake katika kila inchi ndogo, kukata maneno, kukusanya mali ya mufalme na kuita watu wa vita. Kwa Kilatini walimuita comes, maana yake mwenzake wa mufalme, na ndiko Wafaransa walipata comte. Akiharibu kazi, mufalme aliweza kumufukuza. Je, huyu si kapita? Wazee wetu waliotumika katika mugodi wanajua: kapita anashika daftari ya majina, lakini mugodi si wake. Vijijini tungesema kilolo, anayekaa chini ya mukubwa wake.

Nyuma yake mambo yakageuka. Graf akifa, mutoto wake akashika kiti, na mutoto wa mutoto vilevile, mupaka kazi ikakuwa mali ya jamaa. Lakini majina yenyewe hayakusahau kazi. Markgraf alichunga mupaka wa inchi. Burggraf alichunga boma. Kando ya bahari ya Kaskazini kulikuwa Deichgraf, mwenye kuangalia kuta za udongo zinazozuia maji. Mara nyingi alikuwa mukulima tu, lakini kuta zikibomoka, vijiji vinazama. Kati ya magraf wote, sisi tunamupenda huyu.

Na "von" ni "wa" tu, kama kusema mutu wa pahali fulani. Lakini kaisari aliweza kuigawa sawa zawadi. Hermann Wissmann, aliyepita Kasai kwa kazi ya Leopold II na kuanzisha Luluabourg (leo Kananga) mwaka 1884, alizaliwa bila "von". Alipewa mwaka 1890, kisha kuwapiga watu wa pwani waliosimama na Bushiri. Wabelgiji nao walitundika medali kwa shingo ya mashefu wetu. Ni biashara moja ile.

Mwaka 1919 sheria mupya ya Ujerumani iliondoa heshima ya damu, na neno Graf likaachwa kuwa kipande cha jina la jamaa. Hapa wenzetu wa "Bwana Graf" watacheka: kumbe ni jina! Ndiyo, tangu siku ile ni jina, juu hakuna tena kazi ndani yake. Kwetu Zaire vilevile, mwaka 1972, "monsieur" alikuwa anageuka "citoyen", na wakubwa wakabaki wakubwa.

Juu ya nini tunaandika haya yote? Juu katika klase zetu iko wanaosema mutoto wa jamaa ya mwami asifagie, asichote maji. Hatuzarau wami. Mwami anakata maneno ya mashamba, anapokea wageni, analala na shida za watu. Hiyo ni kazi, na heshima yake inatoka mule. Lakini mutoto huyu wa miaka kumi na tano amekata neno gani? Kama siku moja atapewa kiti, tutasimama akipita. Leo anakaa banki ya tatu kama sisi.

Orodha ya zamu inatundikwa mulangoni kila siku ya kwanza. Wiki mbili zilizopita majina matatu yalifutwa kwa wino, na kapita wa klase alinyamaza. Tunaomba walimu waandike orodha mupya, na wayarudishe yote matatu.