"Mato" Si Kosa

Mwanafunzi akiandika kwamba aliweka kitabu mezani, akala chapati, kisha akapanda baiskeli kwenda shule, mwalimu hana neno. Kitabu tumekipata kwa Waarabu, meza kwa Wareno, chapati kwa Wahindi, baiskeli kwa Waingereza na shule kwa Wajerumani. Maneno hayo yamefuata sarufi yetu, na leo ni yetu. Lakini mwanafunzi huyohuyo akiandika "mato" badala ya macho, au "kitwa" badala ya kichwa, kalamu nyekundu hutua papo hapo. Mgeni tumemtandikia mkeka. Mwenyeji tunamwuliza ametoka wapi.

Nimesahihisha insha kwa zaidi ya miaka 30, na jambo hili sijalikubali hata siku moja.

Naelewa asili yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Faida zake hazikanushiki: tunasoma vitabu vilevile kutoka pwani hadi bara. Hata hivyo, kuteua lahaja moja kwa ajili ya shule na ofisi si kuzihukumu nyingine kuwa mbovu.

Tena "mato" halikutokana na ulimi kuteleza. Mahali pengi ambapo Kiunguja husema ch, Kimvita husema t: mchele ni mtele, mchanga ni mtanga, machozi ni matozi, nchi ni nti. Huo ni utaratibu, wala si uzembe.

Kwetu watunzi, suala hili lina uzito zaidi. Tuseme umetunga ubeti wenye kina cha -ti: kiti, mti, nti. Mhariri akilibadili "nti" kuwa "nchi", mizani itasalimika lakini kina kitakufa. Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita. Abdilatif Abdalla naye alitumia lahaja hiyohiyo katika Sauti ya Dhiki, diwani iliyochapishwa mwaka 1973. Tukiwapima kwa sanifu pekee, diwani zao zitageuka orodha za makosa.

Sidai kwamba mitihani iache sanifu. Naomba haki ndogo tu. Mwalimu, andika pambizoni "lahaja" badala ya "kosa", kisha mwonyeshe mwanafunzi neno sanifu. Mhariri, liache neno la mtunzi mahali pake, maana yake uieleze chini ya ukurasa. Nawe malenga wa Mombasa, Lamu, Pemba au Vumba, usilionee haya neno ulilofundishwa na mama yako, kwa kuwa maneno ya lahaja hufa kwa kuonewa haya.

Neno la mkopo likitupotea, tutalikopa tena. La lahaja likipotea, tutalikopa kwa nani?