MUHALI SI DINI

Bismillahi Rahmani Rahim.


Ndugu zangu katika imani, leo ni tarehe 27 Januari. Mpemba mtu mzima haulizi tarehe hii ina nini. Lakini wanaonisoma wengi ni vijana, na wengine walikuwa hawajazaliwa, basi nitaeleza kwa ufupi.

Mwaka 2001, siku ya Ijumaa tarehe 26, imamu alipigwa risasi na polisi akafa nje ya msikiti wa Mwembetanga, Unguja. Siku ya pili yake watu wa Wete, Micheweni na Chake Chake walitoka kuandamana kuyapinga matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2000. Wakapigwa risasi. Watu wapatao 2,000 walipanda majahazi na mashua wakakimbilia Shimoni, Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, siku hizo ikatoa wakimbizi wake.

Walikufa wangapi? Tume ya serikali iliyoongozwa na Brigedia Jenerali mstaafu Hashim Mbita ilisema 31. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2002, lilisema si chini ya 35, na majeruhi zaidi ya 600. Leo sitaki tugombanie hesabu. Nataka nikuulize jambo moja tu: hesabu yoyote ile tungeipata wapi, lau hakuna mtu aliyekuja na kalamu na daftari, akakaa kitako na mjane, akamuuliza mumeo aliitwa nani, alipigwa wapi, alizikwa wapi?

Nimeanza hapa kwa sababu. Katika khutba moja niliwashukuru wanaotetea haki za watu na uhuru wa kusema. Hatukumaliza hata kupeana mikono, ujumbe ukaingia kwenye simu: "Sheikh, mbona unawasifu watu wa NGO? Haki za binadamu ni dini ya Wazungu. Muislamu ana sharia yake, hahitaji."

Aliyeandika ni ndugu yangu, simtaji. Lakini maneno yake nayasikia kila barza, kwa hivyo nayajibu hadharani.

KWANZA. Unasema Muislamu hahitaji jumuiya za kutetea watu. Umeisoma sira? Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alifika Makka na bidhaa zake. Al-As bin Wail, mkubwa katika wakubwa wa Makuraishi, akazinunua, kisha akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na kabila pale, wala ndugu, wala upanga. Alikuwa na sauti. Akapanda jabali la Abu Qubays, Makuraishi wamekaa kwenye Kaaba, akapiga kelele juu ya dhulma aliyofanyiwa.

Hebu fikiri lau siku ile pangekuwa na sheria ya kumfunga kila apandaye jabali bila ya leseni.

Watu wakakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakaapa kuwa pamoja na mwenye kudhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arejeshewe haki yake. Wakamwendea Al-As, wakamrejeshea Myemeni mali yake. Hii ndiyo Hilful Fudhul. Walioapa walikuwa washirikina. Mtume (S.A.W) alihudhuria akiwa kijana, na baada ya kupewa utume akaeleza kwamba lau angeitwa kwenye mkataba ule katika Uislamu, angeitikia. Hakuuliza dini ya walioapa. Aliangalia walichoapia.

PILI. Unasema mnyonge akidhulumiwa anyamaze, Mungu yupo. Ndiyo, Mungu yupo. Na Mungu huyo ameteremsha Suratul Mujadila kwa sababu ya mwanamke aliyekwenda kulalamika. Khawla binti Tha'laba alidhulumiwa na mumewe, akenda kwa Mtume (S.A.W), akajibizana naye, na hakurudi nyumbani mpaka jambo lake lilipopata hukumu. Allah (S.W) hakumkemea kwa kusema. Aliyasikia maneno yake kutoka juu ya mbingu saba. Kama Mola wa viumbe wote anasikiliza shitaka la mwanamke mmoja, sheha ni nani asisikilize? Waziri ni nani? Mimi imamu ni nani?

TATU. Hao Wazungu unaowasema ni wepi? Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilianzishwa 1992, na aliyekiasisi ni Profesa Haroub Othman, Mzanzibari wa hapa hapa. Wasaidizi wa sheria wanaozunguka shehia zetu kwa baiskeli ni watoto wetu, tumewasomesha juzuu amma sisi wenyewe. Ukimwita mwanao Mzungu kwa kuwa amemsaidia mjane kupata mirathi yake, basi umewapa Wazungu sifa ambayo ni ya Uislamu.

Nami si mtu wa kufumba macho. Yamo katika ajenda za baadhi ya mashirika mambo ambayo dini yetu haiyakubali, na sitayakubali leo wala kesho. Lakini sokoni ukikuta samaki mmoja ameoza, humwagi tenga zima. Unachagua. Anayekataa lote kwa sababu ya moja, mara nyingi hilo moja ni kisingizio. Analolikimbia ni kuulizwa.

NNE. Hili litauma kidogo. Masheikh wa Uamsho walikamatwa, kina Sheikh Farid Hadi na Sheikh Mselem Ali. Wakapelekwa Tanzania Bara kwa mashitaka ya ugaidi. Wakakaa ndani miaka, kesi haisikilizwi ikaisha, mpaka Juni 2021 mashitaka yalipofutwa. Miaka ile yote mimi na wewe tulisema nini? Tulisema kesi isikilizwe, mtuhumiwa asiteswe, mtu asifungwe bila ya hukumu. Ndugu yangu, hayo unayoyadai ndiyo haki za binadamu! Uliyaita haki siku alipofungwa sheikh wako. Kwa nini ni ukafiri siku anapofungwa mwandishi wa habari, au mwanasiasa wa chama usichokipenda?

Novemba 2003 serikali ya Zanzibar ililifungia gazeti la Dira, mhariri wake Ali Nabwa. Wako waliofurahi, kwa kuwa liliwasema wakubwa wao. Sheria Namba 5 ya 1988, iliyompa waziri nguvu ya kulifungia gazeti, haikuuliza nani anafurahi. Panga halina jicho: leo linakata shamba la jirani, kesho linakata lako. Na Katiba, ya Muungano na ya Zanzibar, zote mbili kifungu cha 18, zinampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Kila mtu. Haikuandikwa "kila anayekubaliana na sisi".

Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Basi na mimi nianze na nafsi yangu.

Miaka iliyopita mama mmoja alinijia baada ya sala ya Alasiri. Mtoto wake wa kike alikuwa amedhalilishwa, na aliyetajwa alikuwa mtu wa karibu na wenye heshima zao kijijini. Wazee wakakaa. Wakasema tusitie mji aibu, yule ni wetu na huyu ni wetu, jambo limalizwe ndani. Nilikuwapo, nimevaa kanzu yangu nyeupe, tasbihi mkononi. Sikusema neno. Niliona muhali.

Aliyesema ni msichana msaidizi wa sheria, umri wa binti yangu. Alimshika yule mama mkono, akaenda naye hospitali, akaenda naye kituoni, akaandika kila kitu. Wazee wakamwita mkorofi, aliyeharibiwa na semina. Nami nikarudi nyumbani, na usiku ule sala ya Isha ilikuwa nzito kwangu kama gunia la karafuu mbichi. Yule msichana alifanya kazi ya imamu. Imamu alifanya kazi ya ukuta.

Ndugu zangu, muhali si dini. Haya ni katika imani, na maana yake ni kuona haya mbele ya Mungu usifanye dhulma. Muhali ni kumuonea haya dhalimu usimwambie. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Na wewe unayenisoma ukifurahi kwamba leo sheikh ameruhusu kusema, ngoja kwanza. Uhuru wa kusema si ruhusa ya kusingizia. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuhakikishe habari kabla ya kuitenda kazi, na aya ya 12 inakataza kusengenya. Anayesambaza sauti ya WhatsApp asiyojua imetoka wapi, akamvunjia mtu heshima yake, huyo si mtetezi. Huyo naye ni dhalimu, ila silaha yake ni simu.

Basi fanya haya. Ukiona dhulma, andika: siku, saa, mahali, nani alikuwapo. Usiongeze, usipunguze. Mpeleke aliyedhulumiwa panapostahiki, usimuache aende peke yake. Akikamatwa mtu kwa kusema, usiulize kwanza ni wa chama gani. Uliza amefikishwa mahakamani lini. Na ukimuona msaidizi wa sheria kijijini kwenu, usimuite Mzungu. Mpishe kiti.

Ewe Mola, warehemu waliouliwa Januari 2001, wape subira mayatima wao ambao leo ni watu wazima, na utusamehe sisi tulioona tukanyamaza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ukiona lina faida, mfikishie mwenzako.